Sehemu ya 6: Mwaka mzima jimu, mwili uleule

Kaka uliyekuja inboksi ukitaka nikuchome sindano ya kujaza misuli, sikuchomi. Testosteroni ya nje ikiingia, mwili unaacha kutengeneza yake, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua. Na wewe ndo umeoa juzi tu!

Kwa kilo zako 60, mnyanyua vyuma anahitaji protini karibu gramu 96 kwa siku. Yai moja lina kama 6. Chai na chapati havikufikishi huko. Ongeza dagaa, maharage, maziwa.

Ila umenitajia kiu, na kuamka usiku mara nne kukojoa, kama utani vile. Sikucheka. Insulini ikikosekana, mwili unakula misuli yake wenyewe. Kesho, kabla hujanywa chai, pita zahanati wakupime sukari. Jimu baadaye.