Kompyuta Inapobisha Hodi Kila Mara

Ikiwa nyumbani mwako mna kompyuta ya Windows, bila shaka umeyaona haya. Unabonyeza programu uifungue, ghafla skrini nzima inafifia, na katikati panajitokeza kisanduku kinachouliza iwapo unairuhusu programu hiyo ifanye mabadiliko. Unakubali. Kesho yake programu ni ile ile na swali ni lile lile. Aghalabu watu huchoka, wakaanza kujibu "Yes" bila kusoma, au wakamtafuta kijana wa mtaani awazimie kero hiyo.

Huku kwetu Kahawa Wendani, kando ya barabara ya Thika, vijana wa aina hiyo si haba, maana nyumba za kupanga zimejaa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mama mmoja jirani yangu ana duka la kuwachapishia kazi zao na kuwajazia watu fomu za ushuru na za mikopo ya HELB. Programu yake ya hesabu za duka ilikuwa ikiomba ruhusa kila asubuhi. Mteja mmoja akamshauri akishushe kidhibiti cha ruhusa hadi chini kabisa, yaishe. Nilimsihi asikubali. Kompyuta ile ina nambari za vitambulisho na za KRA za watu wengi, na kila mwanafunzi huja na flashi ambayo mwenye duka hajui ilikotoka.

Enzi za Windows XP, iliyotoka mwaka wa 2001, wengi wetu tulitumia kompyuta tukiwa na mamlaka yote ya msimamizi. Kirusi kikiingia, kilirithi mamlaka hayo bila kumuuliza mtu. Microsoft ikaleta ulinzi huu katika Vista, mwaka wa 2007. Lo! Vista iliuliza maswali hadi watu wakaichukia, ndipo Windows 7 ya mwaka wa 2009 ikaja na kidhibiti chenye ngazi 4.

Basi tuliketi dukani, tukabonyeza alama ya programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tukafungua "Properties", kisha "Compatibility". Kumbe aliyemwekea programu alikuwa ametia tiki kwenye "Run this program as an administrator"! Tuliiondoa tu, programu ikafunguka bila swali na hesabu zikahifadhiwa kama kawaida.

Ikiwa kwako tiki hiyo haipo, angalia kama skrini inafifia. Isipofifia, huenda hilo ni onyo jingine kabisa: faili iliyoshushwa kutoka intaneti hutiwa alama na Windows, nawe ukaulizwa kila unapoifungua. Ukiwa na hakika ya ilikotoka, utaona "Unblock" katika "Properties" hiyo hiyo.

Programu nyingine, hasa za kizamani, zimeundwa zikidai mamlaka ya msimamizi, na Windows haina orodha ya kuzisamehe moja moja. Hapo tafuta toleo jipya kwa watengenezaji wenyewe, ukilikosa, vumilia. Kwa maoni yangu, kubonyeza mara moja asubuhi si gharama. Lakini soma kwanza jina la mtengenezaji: katika Windows 10 na 11, utepe wa manjano maana yake ni kwamba mtengenezaji hakuweza kuthibitishwa. Na swali likizuka ilhali wewe hukufungua chochote, jibu "No".

Kabla ya kuondoka dukani, tulimfungulia kijana wa zamu akaunti ya kawaida, isiyo na mamlaka ya msimamizi. Alinung'unika kidogo, kwani swali likitokea humo, kompyuta hudai neno la siri, nalo analijua mama peke yake.