Hesabu ya Mwisho wa Mwezi

Kila siku ya mwisho wa mwezi, baada ya sala ya magharibi, huketi katika baraza ya nyumba yangu hapa Moiben, nimevaa koti zito ambalo mtu wa pwani kama mimi hakuwahi kudhani kwamba litakuwa vazi lake la aushi, na daftari kubwa la majalada magumu li wazi mapajani, nikingojea simu ya sahibu yangu aliyeko Ol Kalou. Naye, kwa kuwa alizoea utaratibu wa benki tangu ujana wake, hachelewi. Haanzi kwa kuuliza mvua, wala ngano, wala watoto. Huuliza, "Bwana Mhasibu, hesabu imefunga?" Nami humpa jibu lile lile nililompa mwezi uliopita na mwaka uliopita: "Haijafunga, kaka. Mmoja amepungua." Baada ya hapo ndipo tunapojuliana hali.

Daftari hilo halina fedha ndani yake hata senti moja. Lina majina ya watu 41 waliopata kufanya kazi nami katika tawi moja la benki mjini Eldoret, toka 1976 nilipofika hadi 2003 nilipoondoka: mameneja, wahasibu, makeshia, makarani wa leja, wapiga taipu, walinzi na matarishi. Ukurasa umegawanywa kwa safu mbili, kushoto waliopo, kulia waliotangulia mbele ya haki. Kushoto leo wamo 19, kulia 21, na mtoto wa darasa la pili ataona kwamba 40 si 41.

Nilizaliwa Mombasa, katika Mji wa Kale, na kazi ya benki niliianza huko huko mwaka 1974, katika joto, kwa shati la mikono mifupi. Miaka miwili baadaye nilipewa barua ya uhamisho, nikaambiwa kwamba ni wa muda, neno ambalo katika benki halina kipimo. Nikapanda gari la moshi, nikashinda na kukesha ndani yake, na alfajiri tulipokuwa tukipita Timboroa, mahali ambapo reli imepanda zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari, nilitazama dirishani nikaona umande umekuwa mweupe juu ya majani kama chumvi iliyomwagwa, nikadhani kwa ujinga wangu kwamba ni maua. Abiria mwenzangu, mzee wa huku, alinitazama nilivyotetemeka, akafungua blanketi lake akanifunika nusu, bila ya kuniuliza jina.

Mji wa Eldoret, ambao wenyeji wa zamani huuita Sisibo kwa kuwa ulisimama juu ya shamba namba 64, una kisa ambacho kila karani mgeni husimuliwa siku ya kwanza, hata kabla hajaonyeshwa mahali pa kunawia mikono. Husemwa kwamba mwaka 1912, Standard Bank of South Africa ilipokuja kufungua tawi hapa, kasha la chuma la kuwekea fedha lilianguka lilipokuwa likiteremshwa kutoka katika gari la kukokotwa na ng'ombe, na kwa kuwa lilikuwa zito kuliko nguvu za waliokuwapo, wakaliacha pale pale lilipoangukia na kujenga benki kulizunguka. Siwezi kulitolea kiapo jambo hilo. Ila najua kwamba reli haikufika mjini hadi 1924, kwa hiyo benki ilitangulia gari la moshi kwa miaka kumi na miwili, na katika maisha yangu nimejionea watu wengi, nami nikiwa mmoja wao, ambao nyumba zao zimejengwa pale walipoangukia.

Sahibu yangu wa Ol Kalou nami tulifungamanishwa na mlango. Chumba cha hazina kilikuwa na kufuli mbili, na sheria ya kazi ilikataza funguo zake kukaa mfukoni mwa mtu mmoja, hata angekuwa walii. Kwa hiyo keshia mkuu, ambaye ndiye yeye, alikuwa na wake, na mhasibu, ambaye ndiye mimi, nilikuwa na wangu, na mlango haukufunguka ila tukiwapo sote wawili. Zaidi ya hayo, kulikuwa na namba za kuzungushwa, kila mmoja na zake, na alipokuwa akizungusha yeye mimi hutazama ukutani, nilipozungusha mimi yeye hutazama sakafuni. Takriban miaka kumi na mitatu tulisimama hivyo, bega kwa bega, kila asubuhi saa mbili kasoro na kila jioni baada ya kuhesabu. Tulipogombana, na tuligombana sana, hasa juu ya siasa, hapakuwa na anasa ya kununiana, maana aliyenuna hakuwa na budi kumngojea mwenzake mlangoni. Alipougua malaria mimi nilijua kabla ya mkewe kumaliza kumpikia uji, kwa kuwa ufunguo ulikuja kwa mkono wa mtu mwingine, na makabidhiano yakaandikwa. Hata leo siku moja ikipita sijui alipo, mkono wangu hupapasa mfuko wa suruali, na mke wangu hucheka akasema, "Unautafuta tena?"

Tawi letu liliishi kwa majira ya shamba. Toka mwezi wa tatu hadi wa tano wakulima walikuja kukopa kwa ajili ya mbegu, mbolea na dizeli ya trekta; kisha mji ukanyamaza kwa mvua; na kuanzia Oktoba mahindi yalipokauka na mashine za kuvunia ngano zilipoingia mashambani, walimiminika na hundi za Bodi ya Nafaka na kutoa fedha taslimu za kuwalipa vibarua, na foleni ikafika barabarani. Kiswahili changu kiliwachekesha. Nilipomwambia mzee mmoja "tafadhali, subira kidogo, nipekue leja," aligeuka akawauliza walio nyuma yake kama huyu kijana anasoma kitabu. Lakini baada ya muda nami nikajifunza kuitikia "chamgei" kwa "chamgei mising", na kicheko kikawa cha watu wanaojuana.

Ilikuwa katika majira hayo ya mavuno, Novemba 1983, ndipo lilipotokea jambo ambalo kwalo daftari langu halifungi. Siku hiyo keshia mmoja alikuwa mgonjwa, nami nikashika dirisha lake. Noti ya shilingi 100 ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote wakati ule, ya 200 haikuwa imetoka bado, kwa hiyo malipo makubwa yalikuwa ni marundo ya kweli, bunda juu ya bunda. Jioni tulipohesabu, shilingi 2,000 hazikuonekana: bunda zima la noti za 20. Tulihesabu mara tatu. Tulifungua mapipa ya taka. Usiku tukalala tukiwa tumefunga mlango kwa funguo zetu mbili juu ya hesabu yenye tundu.

Kesho yake akaja mkaguzi, akaniuliza swali moja: ni nani, asiyekuwa keshia, aliyeingia sehemu ya fedha jana? Nikajibu kwamba tarishi aliingia kuleta chai. Maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Aliingia, kama alivyoingia kila siku ya Mungu saa nne, na birika mkononi na vikombe kidoleni, akaweka, akatoka. Lakini mimi nilijua katika dhati ya nafsi yangu kwamba adhuhuri ile nilikuwa nimelipa mbio mbio, kichwa kinauma, na kwamba hapakuwa na mtu wa kushukiwa kabla yangu. Na hilo sikulitamka. Nimekutana na watu walioharibu maisha ya wenzao kwa uongo. Mimi nilitumia ukweli, na sina hakika kwamba mizani ya Mola hutofautisha.

Tarishi yule, mtu wa bonde la Nyando, mpole, mwenye sauti ya chini, alipewa barua ya onyo, na mwezi uliofuata akahamishiwa tawi jingine, upande wa ziwa. Hakunilaumu. Siku ya kuondoka aliosha vikombe vyote, akavipanga, akaniaga kwa kunishika mkono kwa mikono miwili.

Mwezi Machi wa 1984 akaja dirishani mkulima wa Moiben, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya, akasukuma bunda la noti za 20 chini ya kioo, karatasi yake ya benki haijachanika. Alisema kwamba fedha za vibarua alizotoa wakati wa mavuno mkewe alizitia katika sanduku, kilichobaki kikakaa humo. Na sasa, walipofungua wapate fedha za mbegu, waliona mabunda mawili mahali palipopaswa kuwa na moja. "Hii si yangu," alisema. Basi. Hakungojea shukrani, akaenda zake kununua mbegu.

Niliandika taarifa kwa meneja, na barua ya onyo ikaondolewa katika faili; hivyo niliambiwa. Jumapili iliyofuata nikapanda gari la abiria kuja Moiben kumshukuru yule mzee, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona nchi hii, mashamba yaliyonyooka mpaka macho yakachoka, na upepo ukipita juu yake kama unavyopita juu ya maji ya Kilindini. Alinipa maziwa ya mursik katika kibuyu, nikanywa kwa adabu na kwa hofu. Miaka minne baadaye, alipotaka kuuza ekari tano za pembeni ili asomeshe, alinitafuta mimi. Kwa hiyo nina nyumba, nina ng'ombe, nina miti ya kivuli, na asili ya yote ni kosa langu mwenyewe ambalo mtu mwingine alilipia kwa onyo.

Ama tarishi, nilimwandikia barua mbili, nisizitie posta. Nilijiambia kwamba maneno kama yale husemwa ana kwa ana. Baadaye ikaja miaka ya kupunguza wafanyakazi, kompyuta zikachukua nafasi ya leja, na makarani wakapewa kiinua mgongo na keki. Yeye alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuondoka. Mimi nilifuata 2003. Tulioishi karibu tulianzisha mfuko wa kuzikana, kila mtu na mchango wake wa mwezi, na tukaonana makaburini mara nyingi kuliko harusini. Jambo hilo nalipita upesi, kwa kuwa kila mstaafu analijua.

Daftari lilianza Januari 2008. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi, nyumba ya sahibu yangu, kandokando ya Eldoret, ilichomwa moto, naye pamoja na aila yake wakawa miongoni mwa maelfu waliokimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo. Barabara ya kutoka kwetu ilikuwa imefungwa kwa mawe na magogo. Kadi za simu ziliadimika. Mwenzetu mmoja aliyekuwa keshia, binti wa Iten, alizipata anakojua yeye, akawa anatugawia salio kidogo kidogo kama mtu anayewanywesha wagonjwa kwa kijiko. Tarehe 31 usiku simu yangu ikalia. Ilikuwa sauti yake, imekauka. Hakusema habari ya nyumba. Aliuliza, "Bwana Mhasibu, leo ni mwisho wa mwezi. Watu wetu wote wapo? Hesabu imefunga?"

Nilichukua daftari tupu nililoondoka nalo kazini, nikaandika majina yote usiku ule, na kwa siku nne tuliwatafuta mmoja mmoja, Nandi, Kakamega, Kiambu, Kisii, wa kabila lolote na upande wowote. Tuliwapata wote, wazima na marehemu, isipokuwa yule aliyetuletea chai. Sahibu yangu alihamia Ol Kalou asirudi, nami sikuthubutu kumsihi arudi. Ufunguo wake amebaki nao huko.

Wapo wanaoniambia nimfute. Katika benki, fedha isiyojulikana mwenyewe haifutwi. Huwekwa katika hesabu ya kungojea, ikahamishwa mwezi hadi mwezi mpaka mwenyewe apatikane, nami nimemweka humo, kwa kalamu ya risasi, chini ya safu zote mbili. Mwaka 2019, Benki Kuu ilipotangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 hazingepokewa baada ya tarehe 30 Septemba, nilisafiri mpaka Kisumu, hali noti nilizokuwa nazo zilikuwa tatu tu na Eldoret pangetosha. Nilikuwa nimejiambia kwamba kila mtu katika Kenya, tajiri na fukara, hana budi kusimama mbele ya dirisha la benki kabla ya siku hiyo. Nilikaa katika ukumbi siku mbili, nikitazama nyuso, hadi mlinzi akaja kuniuliza kwa heshima, "Mzee, umehudumiwa?"

Mwezi uliopita simu ilipolia, swali likaulizwa, nami nikajibu kama kawaida. Lakini sahibu yangu hakuendelea na salamu. Alisema kwamba mpiga taipu wetu wa zamani amesikia habari ya mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga karibu na Muhoroni, mpole, wa sauti ya chini, ambaye husemwa kwamba zamani alikuwa benki. Jina halijulikani. Tulinyamaza sote wawili, kama tulivyokuwa tukinyamaza zamani mmoja akizungusha namba zake.

"Tumweke wapi?" akauliza.

"Palepale kwanza," nikasema. "Gari la Kisumu huondoka Eldoret alfajiri. Nitakwenda Alhamisi."

"Alhamisi mimi pia naweza kufika," akasema, mtu ambaye hajakanyaga njia hii tangu 2008. "Tukutane Muhoroni. Usiingie bila mimi."

Nikalihamisha jina kwa kalamu ya risasi hadi ukurasa wa mwezi mpya, nikafunga daftari, na tukaanza kuulizana habari za mvua.