Mpanda, mwisho wa reli: Hapa ndipo pa kukipima kigari cha betri

Haya msomaji wangu, wiki hii funga begi, tunakwenda Mpanda. Najua wengi wenu wa Sinza na Kinondoni mkisikia "mwisho wa reli" akili inakimbilia Kigoma na migebuka yake. Tulieni kwanza. Reli ya Kati ina miisho kadhaa, na mmoja uko huku Katavi. Ukitoka Tabora kuelekea magharibi unafika Kaliua. Hapo tawi moja linaendelea Kigoma, jingine linakata kushoto, linaingia pori la miombo na kutambaa kilomita 210 hadi linagota Mpanda. Mbele ya hapo hakuna reli tena, ni wewe na miguu yako.

Nilipanda treni makusudi. Basi lingenifikisha haraka zaidi, maana barabara ya lami ya kutoka Tabora kupitia Sikonge, Ipole na Koga ilizinduliwa mwaka 2022 na siku hizi watu wanateleza tu. Lakini reli ile ina stori yake, na stori hiyo inahusu kitu ambacho vijana wengi mnakipigia kelele vijiweni: magari ya umeme.

RELI YA RISASI

Unadhani mkoloni alijenga reli mpaka Mpanda ili bibi yako apate usafiri wa kwenda kumsalimia shangazi Tabora? Thubutu! Alifuata risasi. Usishtuke, sizungumzii ya bunduki. Nazungumzia madini ya risasi, yale mazito ya rangi ya kijivu. Yaligunduliwa Mpanda miaka ya 1930, na baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ikafungua mgodi. Mzigo ule haukuweza kubebwa kichwani, ndipo tawi la reli likajengwa kutoka Kaliua kwenda kuufuata.

Sasa muulize fundi yeyote wa umeme wa magari, betri inayowasha daladala ina nini ndani? Atakujibu: risasi na maji ya betri. Ndivyo ilivyo tangu mwaka 1859, Mfaransa Gaston Planté alipotengeneza betri ya kwanza unayoweza kuichaji, ikiisha ukaichaji tena. Magari mengi ya umeme ya zamani yalitembelea risasi. Kampuni ya Detroit Electric ya Marekani, iliyoanza kuyauza mwaka 1907, iliuza hata kwa familia ya Henry Ford. Naam, bwana mkubwa wa magari ya petroli mwenyewe, mkewe Clara alikuwa anaendesha la betri! Halikuhitaji kuzungushwa kwa hendeli, halikutoa moshi, halikupiga kelele.

Mgodi wa Mpanda ulifungwa mwaka 1960. Risasi ikaenda zake, reli ikabaki, ikawa ya abiria, ya mahindi, ya mpunga na ya madumu ya asali. Ndani ya behewa, kati ya gunia la mchele na kuku wawili waliofungwa miguu, nilikaa nikijiuliza: mji huu umetoa mali ya betri, je, betri itakuja kuulipa lini?

MJI WA SAFARI FUPI

Mpanda siyo mji wa kukuchosha. Makao makuu ya mkoa wa Katavi, mkoa wenyewe ukiwa umezaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Ukisimama Kashaulili, karibu kila unakotaka kwenda ni hapa na pale: Makanyagio, Nsemulwa, Kawajense, Ilembo. Bodaboda na bajaji ndizo zinazotawala. Anayekwenda sokoni, bodaboda. Mama mwenye ndoo tatu za dagaa, bajaji. Bwana harusi mtarajiwa anayepeleka barua, bajaji iliyooshwa.

Nilimpata kijana mmoja wa bodaboda, umri kama miaka ishirini na ushei, mcheshi, kofia kaigeuza nyuma. Nikamuuliza kazi inalipa?

"Braza," akasema, "mimi nawafanyia kazi watu wawili. Wa kwanza mwenye pikipiki, jioni anataka hesabu yake. Wa pili mwenye sheli. Mimi mwenyewe ni wa tatu kwenye foleni, na mara nyingi nikifika dirishani pesa imekwisha."

Nilicheka, lakini maneno yake hayakunitoka. Mafuta ya Mpanda yanasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Chukua orodha ya bei kikomo ya EWURA inayotoka kila mwezi, shusha kidole hadi Mpanda, halafu linganisha na Dar. Utaona kijana wa Kawajense analipia nauli ya lori pamoja na petroli yenyewe. Na hapo hata Sitalike hajafika.

KIGARI CHA UMBO LA KABARI

Tuondoke kidogo Katavi, twende Marekani, halafu nitawarudisha salama.

Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilibana mafuta na dunia ikapiga mayowe. Wazee wetu wanakumbuka, hata hapa magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana ili kubana matumizi. Huko Marekani, muuza magari mmoja wa jimbo la New York, Robert Beaumont, alishaona kwamba mjini mtu haendi mbali, sasa ya nini injini kubwa? Akaenda mji wa Sebring, Florida, na mwaka 1974 kampuni yake ya Sebring-Vanguard ikaanza kutoa kigari kilichoitwa CitiCar.

Ukikiona utacheka. Watu wawili tu, bodi ya plastiki, umbo la kabari ya kupasulia kuni. Chini ya kiti betri 8 za risasi, volti 6 kila moja. Mwendo wake kama kilomita 60 kwa saa, na chaji moja kilitembea takriban kilomita 65. Lakini kicheko kando: mwaka 1975 kampuni hiyo changa ilihesabiwa kuwa ya sita kwa ukubwa kati ya watengenezaji wa magari Marekani. Ya sita!

Halafu ikawaje? Mwaka huohuo jarida la Consumer Reports likakipima na kusema hakifai, usalama wake mdogo. Mafuta nayo yakaanza kupatikana, foleni za sheli zikaisha, watu wakasahau. Kufikia 1977 Sebring-Vanguard ilikuwa imefika mwisho, imetoa CitiCar kama 2,300. Wengine wakaichukua kazi hiyo wakaiendeleza hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, jumla vikafika 4,444.

Sasa tukilete Mpanda. Kutoka mjini hadi Sitalike, kule kwenye lango la Hifadhi ya Katavi ambako viboko wanabanana kwenye mto Katuma kama abiria wa Mbagala, ni kama kilomita 35. Kwenda na kurudi 70. CitiCar ingekufikisha kwa viboko vizuri kabisa, ungewashangaa, ungegeuza, halafu kilomita 5 kabla ya kufika Mpanda ungeshuka kusukuma. Lakini ndani ya mji? Kashaulili hadi Nsemulwa na kurudi, kutwa nzima? Kingetamba!

KAMPALA, HALAFU KIPANYA

Beaumont alifariki Oktoba 2011. Siku chache baadaye, tarehe 1 Novemba 2011, majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, walilitoa nje gari lao la umeme na kulijaribu barabarani. Kiira EV. Viti viwili, betri za lithiamu badala ya risasi, na chaji moja kilomita 80. Kwa hesabu yetu ya Sitalike, Mganda angekwenda, angerudi na angebaki na kilomita 10 za kupitia sokoni.

Vijana wale hawakuokota ujuzi barabarani. Walishiriki mradi wa kimataifa wa vyuo ulioongozwa na MIT ya Marekani, uliotoa gari la Vision 200 na kulionyesha Italia mwaka 2008. Walirudi nyumbani wakasema, na sisi tutengeneze la kwetu. Wakaongozwa na Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, pamoja na Paul Isaac Musasizi ambaye baadaye aliiongoza kampuni ya Kiira Motors.

Lakini angalia walikoelekea. Mwaka 2014 wakatoa Kiira EV SMACK, gari la watu watano linalochanganya umeme na mafuta. Mwaka 2016 Kayoola, basi la abiria 35 lenye paneli za jua juu ya paa. Kisha mabasi makubwa zaidi na kiwanda Jinja. Siwalaumu, basi lina mteja wa uhakika, serikali na makampuni wananunua. Ila kile kigari cha watu wawili kilichowapa jina kilibaki kuwa cha maonyesho. Hakuna aliyekwenda dukani kukinunua.

Hapa kwetu, Machi 2022, Masoud Kipanya, mchora katuni na mtangazaji mnayemjua, alizindua Dar es Salaam gari dogo la umeme la Kaypee. Mji uliokuwa ukiziita Hiace zake "vipanya" ukapata gari la Kipanya kweli! Wapo waliobeza, mchora katuni na magari wapi na wapi? Mimi namkumbuka Beaumont. Aliyeanza na kigari kidogo duniani kote alichekwa kwanza.

NA UMEME JE?

Hapa ndipo kijana wangu wa bodaboda alinibana. Nilipomweleza habari hizi zote aliuliza swali moja tu: "Sasa braza, hiyo gari ukiileta hapa unaichaji na nini?"

Swali la msingi. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa mbali na gridi ya taifa, ikiwaka kwa majenereta ya dizeli. Kuchaji gari la umeme kwa jenereta ya dizeli ni kumpaka punda chokaa ukamwita pundamilia: mafuta yaleyale, yamekuja na lori lilelile, umeyapitisha mlango wa nyuma tu. Ndiyo maana njia ya umeme ya kilovolti 132 iliyojengwa miaka hii ya 2020 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga siyo habari ya taa na televisheni peke yake. Ukiwa na umeme wa maji na gesi kutoka gridi, hesabu ya yule kijana inabadilika. Mtu wa pili kwenye foleni yake anaweza kuondoka.

Kigali na Nairobi tayari kuna pikipiki za umeme ambazo dereva habakii kusubiri chaji, anabadilisha betri na kuondoka. Kwa hiyo isije mtu akaniambia ni ndoto.

Mimi nasemaje? Hao wote, wa Florida na wa Kampala, walichemsha kigari kidogo, kikaiva nusu, wakakiacha jikoni. Mmoja mafuta yalimkimbiza, mwingine basi lilimwita. Mwenye shida na kigari hicho siye tajiri wa Masaki ambaye akitaka anaagiza la nje. Ni mji kama Mpanda, wenye safari fupi, petroli ya kutoka mbali na vijana wanaojua kufungua injini wakiwa wamefumba macho. Wewe uliyemaliza VETA, unayezurura Kariakoo na cheti mfukoni ukisema soko limejaa, soko jingine liko mwisho wa reli. Mgodi ulifungwa 1960, mteja bado yupo.

Tukijaaliwa, wiki ijayo tena.