Tulipanda Mwamba Rumonge Tukaliona Ziwa

Wengi mmetuuliza walimu tulipotelea wapi siku zile tano za likizo. Tulikuwa Rumonge, kupanda mwamba. Ndiyo, kupanda kwa mikono na miguu, sisi tunaoshika chaki tu!

Wazo lilitoka darasani. Kila tukichora ramani, watoto waliozaliwa huku kwenye vilima vya Ruyigi wanauliza: “Mwalimu, ziwa ni kubwa kama uwanja wa mpira?” Na wale waliovuka kutoka Fizi Januari 2018, maelfu ya watu wakikimbia vita, walilala chini ndani ya mtumbwi, wakaona maji na giza basi. Katika sisi watano, watatu tulivuka wakati huo. Tukasema twende tuliangalie kutoka juu, mchana, bila haraka.

Karatasi za ruhusa mfukoni, tulipita Gitega hadi Bujumbura, tukashika barabara ya pwani kuelekea kusini. Si mbali na jiji liko jiwe la Mugere, ambapo Livingstone na Stanley walilala Novemba 1871. Kutoka hapo barabara inabanwa, ziwa mkono wa kulia, mlima mkono wa kushoto, na mahali pengine huoni nafasi hata ya kupanda muhogo. Baada ya kilomita zaidi ya 70 bonde linafunguka kidogo, michikichi inaanza kuwa mingi, na hapo ndipo Rumonge.

Mji huu ulifanywa makao ya mkoa mwaka 2015, na tangu 2025 uko ndani ya mkoa mpya wa Burunga. Kiswahili kinasikika sokoni na bandarini kama kwetu. Harufu ni mbili: mawese na ndagala. Ndagala wanaanikwa juani, na usiku taa za wavuvi zinajipanga majini kama mji mwingine. Kuna pia mukeke, ambaye Kigoma wanamwita mgebuka. Tulimla na sombe mpaka mwalimu wa hesabu akaacha kuhesabu. Karibu na maji tuliona pia kuta zilizobomoka, alama za mwaka 2024 ziwa lilipopanda na kuingia majumbani. Watu wa hapa nao wanajua kuhama.

Asubuhi yake tulitoka saa kumi na moja na kijana mmoja mwenyeji. Nyuma ya mji, uwanda wa Imbo unaishia ghafla na mlima unasimama. Njiani mama mmoja mwenye jembe alituuliza: “Wanangu, mnatafuta kuni huko juu?” Tukajibu: “Hapana mama, tunatafuta ziwa.” Akacheka: “Ziwa si mmeliacha chini!”

Saa mbili za kwanza ni kutembea tu, mashamba, halafu miti na mawe. Kisha tukafika kwenye mwamba wenyewe, urefu wake kama nyumba ya ghorofa mbili. Mwenyeji wetu alizunguka, akafunga kamba ya mtumbwi kwenye mti mkubwa huko juu, akaishusha. Akatupa sheria moja: una mikono miwili na miguu miwili, vitatu vishike, kimoja ndio kisogee. Usivute kwa mikono, sukuma kwa miguu. Kila jiwe ligonge kwanza kabla ya kuliamini.

Bana, ni rahisi kusema! Katikati ya mwamba mwenzetu mmoja alisimama, magoti yakaanza kutetemeka. Alituambia baadaye kwamba ilimrudia hofu ile ile ya mtumbwini. Hakuna aliyempigia kelele. Mwenyeji alimwambia tu mguu uende wapi, kisha mwingine, na akafika.

Juu tulinyamaza. Ziwa mbele yetu, na ng’ambo rasi ya Ubwari na milima ya Fizi, karibu kuliko tulivyokumbuka. Mwalimu wa jiografia akaeleza: huku na kule ni kingo mbili za bonde moja, Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka, katikati ikazama, maji yakajaa. Uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya bahari, lakini kina chake kirefu kabisa ni mita 1,470. Kumbe mlima tuliopanda ni kipande cha juu tu cha ukuta. Uliobaki umefunikwa na maji. Yule aliyetetemeka alikaa akitazama Fizi muda mrefu, na sisi tukakaa naye.

Wapo waliopanda milima wakitoka kambini kabla yetu. Januari 1943 Waitaliano watatu, wafungwa wa vita huko Nanyuki, Kenya, walitoroka kwenda Mlima Kenya. Kamba zao zilikuwa za vitandani, na ramani yao ilikuwa picha kwenye karatasi ya kopo la nyama. Wawili walifika kilele cha Lenana, karibu mita 5,000, wakaweka bendera, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini. Vijana, msiige hapo pa kutoroka! Karatasi kwanza, mwenyeji wa kuongoza, viatu vilivyofungwa, maji ya kutosha, na wakati wa kushuka uso utazame mwamba.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao tutachora ziwa kwenye uwanja wa shule. Hatua moja itakuwa kilomita 10: hatua 67 urefu, hatua 5 upana. Watoto watalizunguka kwa miguu. Wazazi mliovua au kuvuka, njooni mtuonyeshe Baraka iko wapi, Rumonge wapi, Kalemie wapi, na mtumbwi wenu ulishukia wapi. Sisi majina yote hatuyajui, ninyi mnayajua.