Kibarua cha Mwalimu

Wahenga walitufunza kwamba moja shika si kumi nenda uje. Methali hiyo tumeifundisha darasani kwa miaka mingi, tukawaeleza wanafunzi maana yake na matumizi yake, kisha tukaitungia maswali ya mtihani. Hatukudhani kwamba tutakuja kuambiwa sisi wenyewe, tena mara tatu katika juma moja, na wenzetu tulioketi nao meza moja katika chumba cha walimu. Lakini ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Juni 2023, tulipoandika barua ya kuacha ajira ya kudumu katika shule moja ya sekondari mjini Mbarara, ili tukafanye kazi ya kandarasi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Twaonelea inafaa kuwasimulia walimu wenzetu jinsi jambo hilo lilivyokuwa, kwa kuwa huenda baadhi yao wakasimama siku moja mbele ya uamuzi kama huo.

Kwanza yafaa tueleze hali ya mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda. Lugha yetu imetajwa sana katika sheria na matangazo, kuliko ilivyosikika madarasani. Mwaka 1973 ilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yaliifanya lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Habari hiyo tuliishangilia. Hata hivyo, mwaka huo huo mishahara ya walimu wa sayansi wenye shahada ilipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, nasi walimu wa sanaa, baada ya mgomo ulioanza mwezi wa Juni, tulirudi darasani na mishahara yetu ya zamani, ambayo haikufika hata theluthi ya kiasi hicho. Lugha ilipandishwa cheo, mwalimu wake akabaki pale pale.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mapigano yalipozidi Kivu Kaskazini mwaka 2022, watu wengi walivuka mpaka kuingia Kisoro, na baadhi yao wakaletwa huku. Watoto wao walikuwa wamesoma kwa Kifaransa. Shule za Uganda zikawapokea kwa Kiingereza. Lugha waliyokuja nayo kichwani na kinywani ilikuwa Kiswahili. Shirika moja likatafuta mwalimu wa kuwafunza walimu wasaidizi namna ya kueleza masomo kwa Kiswahili, mpaka watoto waweze kufuata Kiingereza. Mkataba ulikuwa wa miezi sita, malipo yakiwa mara mbili ya mshahara wetu, bila pensheni wala malipo ya siku za ugonjwa.

Barua yetu ya kuacha kazi iliposomwa, swali la kwanza la naibu mwalimu mkuu lilikuwa, “Mwalimu, umekosana na nani?” Tulipomjibu kwamba hatukukosana na mtu, alitikisa kichwa kama mtu aliyefichwa jambo. Mwalimu mmoja wa fizikia alicheka, akasema tumekwenda kuwa vibarua na digrii mfukoni. Mzee mmoja wa historia, ambaye hakuwa msemaji sana, alichukua kalamu akatuhesabia miaka iliyobaki hadi kufikia 60, umri wa kustaafu. Akaandika pembeni ya gazeti: 22. Hakusema neno zaidi. Hesabu yake ilituuma kuliko kicheko cha yule mwingine.

Walakini kuna mmoja ambaye hasira yake ilikuwa ya haki, nasi hatuna budi kuikiri. Tulikuwa na mkopo katika chama cha akiba cha walimu, uliokatwa kila mwezi katika mshahara. Wenzetu wawili walikuwa wametudhamini. Mshahara ukikoma, makato hukoma, na chama hugeukia mishahara ya wadhamini. Mmoja wao alipata habari za kuondoka kwetu kutoka kwa mhasibu wa shule. Alikuja nyumbani jioni, akakataa kuketi, akasema, “Ndugu yangu, kuondoka ni haki yako. Lakini jina langu umeliacha nyuma bila kuniaga.” Tuliahidi kulipa kila mwezi kwa mkono wetu. Alijibu kwamba ahadi ni neno, na mkataba wa miezi sita nao ni neno fupi. Tangu jioni ile hakutupigia simu kwa muda mrefu.

Tulianza kazi mwezi wa Julai. Siku ya kwanza tulifanya kosa ambalo walimu wa lugha hulifanya kwa urahisi. Msaidizi mmoja aliposema “batu” tulimsahihisha: “watu”. Mwingine aliposema kwamba mtoto ana “mayele” tukamwambia Kiswahili ni “akili”. Kufika adhuhuri darasa zima lilikuwa limenyamaza. Tulikuwa tumeajiriwa kwa sababu watu wale walikuwa na lugha, nasi kwa muda wa saa tatu tulikuwa tumewapokonya. Kesho yake tuligawa ubao sehemu mbili: upande mmoja Kiswahili cha nyumbani kwao, upande wa pili Kiswahili cha vitabuni, tukawaomba wao watufundishe sisi upande wa kwanza. Vicheko vikarudi, na kazi ikaanza.

Kati ya wasaidizi hao alikuwamo baba mmoja wa makamo aliyefundisha Kivu kwa miaka zaidi ya ishirini. Tulimsimulia siku moja, kwa kujigamba kidogo, jinsi tulivyoacha ajira ya kudumu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mwalimu, mimi pia nilikuwa wa kudumu. Matrikule yangu naikumbuka mpaka leo.” Akaitaja nambari hiyo yote, tarakimu kwa tarakimu, kama mtu atajaye jina la marehemu. Hakutaka kutufundisha lolote. Alikuwa anakumbuka tu. Lakini tangu hapo hatukujigamba tena, maana sisi tuliacha na yeye aliachishwa na vita.

Mkataba wetu ulirefushwa mara tatu. Kila mwisho wa miezi sita tulilala vibaya kwa majuma mawili, tukingojea karatasi. Mkopo tuliulipa mwezi baada ya mwezi, na kila mara tulimpelekea mdhamini wetu nakala ya stakabadhi. Hakujibu hata moja. Wakati huo huo jambo la ajabu likawa linatokea. Walimu waliotucheka mbele za watu walianza kutupigia simu usiku, mmoja mmoja. Huyu aliuliza malipo ni kiasi gani, yule aliuliza maombi ya kazi huandikwaje. Mwalimu wa fizikia hakupiga, wala hakuwa na sababu ya kupiga. Tukatambua kwamba hadharani wengi walikuwa wamesema yale ambayo chumba cha walimu kilitaka kusikia, wakayaweka ya moyoni kwa saa za giza.

Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mashirika mengi yaliyotegemea fedha hizo yakaanza kufunga kazi. Majuma hayo hayo Goma ilitekwa, kisha mwezi wa Februari Bukavu, na wakimbizi wapya wakazidi kuja wakati mikono ya kuwapokea ikipungua. Barua yetu ilifika mwezi wa Februari. Ilikuwa na mistari minne. Tuliwaaga wasaidizi wetu, ambao wengi wao nao walipewa barua kama yetu, tukapanda taksi kurudi Mbarara na sanduku moja la vitabu.

Mkopo ulikuwa umebaki shilingi laki sita. Siku ya tatu simu ililia. Tukaona jina la mdhamini wetu. Tukasita kuipokea, maana tulijua anachodai, na fedha hatukuwa nazo. Tulipoipokea alisema, “Nimesikia. Kuna shule mbili hapa mjini zinatafuta mwalimu wa Kiswahili wa kulipwa kwa vipindi. Nimewatajia jina lako.” Tukauliza habari za mkopo. Akasema stakabadhi zetu zote anazo, amezifunga kwa uzi, na mtu aliyelipa miezi kumi na tisa bila kukumbushwa hawezi kushindwa na minne. Mwezi wa Juni 2025 tulimpelekea stakabadhi ya mwisho kwa mkono. Safari hii aliketi, akanywa chai.

Leo twafundisha kwa vipindi katika shule hizo mbili, na jioni twafasiri nyaraka kwa malipo ya ukurasa. Je, tulifanya vyema kuacha? Katika mwezi wenye malipo twajibu ndiyo. Wakati wa likizo, ambapo vipindi havipo, twaikumbuka ile 22 ya mzee wa historia. Hatumshauri mwalimu yeyote aache, wala abaki. Twamshauri jambo moja tu: kabla ya kuandika barua kwa mwajiri, awaendee wale ambao majina yao yameandikwa chini ya jina lake.

Tumalizie kwa neno ambalo wenzetu walitutania kwalo. Kibarua ni barua ndogo. Zamani pwani, mtu aliyefanya kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kazi yake, naye akaishia kuitwa kwa jina la kikaratasi hicho. Lakini mwalimu wa kudumu naye ana barua yake ya kuteuliwa, iliyotiwa sahihi na kupigwa muhuri; na yule baba wa Kivu alikuwa nayo pia. Sisi sote twaishi kwa barua, baadhi kubwa, baadhi ndogo. Basi tukikutana na mwenzetu ambaye yake imepungua ukubwa, tusimwulize amekosana na nani. Tumwulize kama amekula, kisha tumtajie shule yenye vipindi.