Miguu Mitatu Ukingoni mwa Mto Lubumbashi

Kila mama ajua ya kuwa chungu hakisimami juu ya mafiga mawili. Yakiwa matatu hutulia, hata kama ardhi ina mashimo. Jambo hilo tulilolijua tangu utoto tulilisahau siku ile tulipokwenda kupiga picha ukingoni mwa mto Lubumbashi, na kwa kulisahau tulikaribia kumkosesha mzee mmoja kitu alichokitamani sana.

Mgeni aingiaye Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910 na kuitwa Elisabethville hata mwaka 1966, huonyeshwa kwanza vitu viwili: dohani ndefu ya kiwanda cha shaba, na kilima cheusi kilicho karibu nayo. Kilima hicho hakikuumbwa pamoja na nchi. Ni masalio ya matanuru yaliyoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, yakamwagwa siku kwa siku, kizazi kwa kizazi, mpaka yakawa mlima. Baadaye wataalamu waliona kwamba ndani ya masalio hayo mlibaki kobalti na shaba, na baada ya mwaka 2000 yakaanza kuchukuliwa na kuyeyushwa tena. Hivyo mlima uliojengwa na mababu ukapunguzwa na wajukuu.

Mzee wetu alifanya kazi kwenye matanuru hayo kwa miaka mingi, kama baba yake kabla yake. Baba alitumikia Union Minière. Mwana akatumikia Gécamines, hata akaondoka mwaka 2003, katika mpango ule uliowaondoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000. Sasa nguvu zimempungua, na binti yake alikuwa amekuja kumchukua aende kukaa naye Kolwezi. Basi la safari lilikuwa la Jumatatu. Ijumaa mzee akatuita, akasema, “Wanangu, nina picha za ndoa na za ubatizo, lakini sina hata moja ya mahali nilipotolea jasho langu. Nipigeni picha pale, kabla kile kilima hakijaisha na mimi sijaondoka.”

Jumamosi jioni tulimpeleka. Tuliomba ruhusa kwanza, kwa maana mahali pa viwanda si pa kuelekezewa kamera ovyo. Ulikuwa mwezi wa Agosti, wakati upepo wa kusini mashariki unapovuma, na moshi wa majani yaliyochomwa hulitia jua wekundu. Maji ya mto yalikuwa yamepungua na kuacha tope kandokando. Tulichukua miguu ya kamera tuliyoinunua sokoni, mepesi kama mabua, tukaivuta yote mpaka mwisho, na nguzo ya katikati tukaipandisha juu kabisa ili tuone mbali. Tulipiga picha tisa. Tulipozitazama nyumbani, dohani moja ilionekana kama mbili, na uso wa mzee ulikuwa kama moshi. Hatukuwa na la kumwambia.

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Mchana kweupe kamera hupokea mwanga kwa kufumba na kufumbua, na mtikisiko mdogo hauonekani. Jua likizama, mwanga ni haba. Lenzi hubidi ikae wazi sekunde moja, mbili au zaidi, na kila mtikisiko wa muda huo huandikwa katika picha. Mkono wa mtu, hata azuie pumzi, hauwezi kutulia hivyo. Wala miguu myembamba haiwezi, ikisukumwa na upepo huku ikididimia katika tope.

Jumapili, baada ya Misa, tulikwenda kwa fundi mmoja wa picha wa zamani, akatuazima miguu yake ya mbao. Ilikuwa mizito, hata vijana njiani wakatucheka. Lakini safari hii tulifanya mambo kwa taratibu. Tulivuta sehemu nene za juu tu, zile nyembamba za chini tukaziacha zimefungwa. Nguzo ya katikati hatukuipandisha. Kwa kuwa ukingo unateremka, tuliweka miguu miwili upande wa chini na mmoja upande wa juu. Tulichimba tope, tukaweka jiwe bapa chini ya kila mguu. Kisha tukatundika mfuko wa mchanga chini ya kamera, kitako chake kikigusa ardhi, ili upepo usiubembeze.

Karibu saa kumi na mbili jua likazama. Tulipunguza tundu la lenzi mpaka f/11, ili mzee aliye karibu na kilima kilicho mbali vionekane vizuri pamoja, tukaiacha lenzi wazi sekunde mbili. Hatukubonyeza kwa kidole wakati wa kupiga. Tuliiachia kamera ijifyatue yenyewe baada ya sisi kuondoa mikono. Hofu yetu ilikuwa mzee mwenyewe: je, miguu yake ingeweza kutulia kama ile ya mbao? Akaegemeza fimbo yake kando, akasema, “Mbele ya tanuru mtu hujifunza kusimama.” Akasimama bila kutikisika.

Picha ilitoka safi: dohani moja, kilima na mashimo ya machimbo ubavuni mwake, maji laini kama kioo, na uso wa mzee wenye kila kunyanzi lake. Tuliichapisha alfajiri, tukamkabidhi kituoni. Hakuutazama uso wake. Alifuata kwa kidole ukingo wa kilima, akamwonyesha binti yake pale kilipokuwa kirefu zaidi zamani. Binti yake akasema hakuwahi kuyasikia hayo.

Ninyi mlio Moba au Kalemie kando ya ziwa Tanganyika, au mlio Bagamoyo na Mombasa penye bahari, mtaona shida hiyo hiyo, na kubwa kuliko yetu, maana wimbi likirudi huchukua mchanga chini ya miguu ya kamera. Ikandamizeni mpaka ishike, na kila wimbi likipita itazameni tena. Mkirudi kutoka baharini, isafisheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kuikausha, kwani chumvi hula chuma.

Nanyi wanafunzi, ulizeni nyumbani ni mahali gani panapopungua katika mji wenu: msitu, ufuko, au nyumba ya kale. Simamisheni kamera pale kwa uthabiti, mweke alama, mrudi kila mwaka mwezi ule ule. Sisi tumeyaacha mawe yetu matatu ukingoni mwa mto. Mungu akitujalia, Agosti ijayo tutayatafuta, tupige picha tena, na nakala yake tuipeleke Kolwezi.