Usiniambie Nani Kashinda

Alhamisi, 1 Agosti 2024

Kesho mbio za uwanjani zinaanza Stade de France. Fainali nyingi ninazozitaka zitakimbiwa usiku wa Paris, na usiku huo ni mchana wa hapa Minnesota, saa ambazo niko zamu. Natoka kwenye nyumba ya wazee saa tisa alasiri, nafika kwangu kama saa kumi. Mbio zitakuwa zimekwisha na medali zimeshatajwa.

Kwa hiyo jioni hii nimekaa na rimoti. Televisheni yangu siku hizi inakuja kwa intaneti, hakuna dishi wala king'amuzi, na naweza kurekodi vipindi bila kikomo. Rekodi zenyewe haziko humu ndani. Ziko kwenye mitambo ya kampuni, na hukaa miezi 9 kabla ya kufutwa. Kuna kitufe cha kurekodi Olimpiki nzima. Nimekiacha. Kingenijazia vitara, farasi na mitumbwi, halafu nianze kutafuta mita 5,000 humo huku nikipita kwenye picha za washindi wenye medali shingoni. Nimefungua ratiba nikachagua vipindi siku kwa siku, na mwisho wa kila kimoja nikaongeza saa nzima, kwa sababu mashindano hayamalizwi na saa ya ukutani.

Kwenye kundi la WhatsApp la familia nimeandika kwamba kuanzia kesho mtu asinitumie matokeo mpaka niseme nimeona. Dada yangu wa Eldoret amejibu kwa sauti: "Sawa, mdogo wangu, mimi nitanyamaza. Lakini Mama simwezi."

Ijumaa, 2 Agosti

Mita 10,000 wanaume. Nimeziona zote, mizunguko 25, bila kuruka hata mmoja. Waethiopia watatu, Aregawi, Barega na Kejelcha, walishika usukani mapema wakawa wanapokezana kuvuta kasi, na Joshua Cheptegei wa Uganda akawa amejichimbia ndani ya kundi kama mtu asiye na haraka ya kufika popote. Kasi ile iliendelea kuwachuja watu. Kengele ilipolia bado walikuwa wengi mno waliokuwa na uwezo wa kushinda, nami nikawa nimesimama. Cheptegei alitoka, akaenda, akamaliza kwa dakika 26:43.14, rekodi mpya ya Olimpiki. Nyuma yake Aregawi na Grant Fisher wa Marekani walitenganishwa na sehemu mbili za mia za sekunde.

Kisha nikaangalia habari za usiku. Wameonyesha mita 100 za mwisho na kuhamia kwenye kuogelea.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Aliyeona zile mita 100 anajua kwamba Cheptegei ameshinda, basi. Hajaona wale Waethiopia wakijitoa mhanga mzunguko baada ya mzunguko, hajaona jinsi mtu anavyokataa kuvutwa kwenye kasi isiyo yake na bado asiachwe. Kazi ya mbio ndefu hufanyika katikati, kwenye ile mizunguko ya kumi na kitu ambayo mhariri wa habari huitupa kwanza. Nimekulia mahali ambapo watu hukimbia alfajiri kwenye udongo mwekundu mbele ya lango letu, na nalijua jasho la katikati. Sitaki kuletewa mkia wa mbio peke yake.

Jumatatu, 5 Agosti

Leo ilikuwa siku ngumu kujilinda. Televisheni ya sebule ya wazee ilikuwa kwenye Olimpiki mchana kutwa, nikamwomba mwenzangu tubadilishane, yeye akae sebuleni, mimi nihudumie vyumba vya nyuma. Simu niliifungia kabatini. Kwenye basi nikatazama dirishani tu, maana mtu wa kiti cha mbele alikuwa anasoma habari za michezo kwenye simu yake.

Saa kumi na nusu nikaketi na chai. Mita 800 wanawake, Keely Hodgkinson wa Uingereza dhahabu, Mary Moraa wetu shaba. Kabla yake, mita 5,000. Mizunguko ya mwanzo ilikuwa ya kuviziana. Ilipobaki michache, Faith Kipyegon na Gudaf Tsegay wakaanza kusukumana, bega kwa bega, kiwiko kwa kiwiko, hata nikadhani mmoja ataanguka. Nikarudisha nyuma, nikaangalia tena, nikaendelea. Mwisho ulikuwa wa Beatrice Chebet. Alimfuata Kipyegon hadi kwenye mstari ulionyooka kisha akampita, 14:28.56. Kipyegon wa pili, Sifan Hassan wa Uholanzi wa tatu. Nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Ile saa niliyoongeza imeniokoa mara mbili. Kwanza, Armand Duplantis alibaki kuruka na upondo wengine wote walipokuwa wamemaliza, na dunia nzima ikamsubiri hadi akavuka mita 6.25, rekodi ya dunia. Pili, ule mstari wa chini ya kioo unaoonyesha rekodi imebaki kiasi gani ni mdomo unaosema siri. Kwenye soka ndio mbaya zaidi: mechi iko sare dakika ya 88, ukiona rekodi imebaki dakika tano tu unajua hakuna nyongeza wala penalti. Ukiwa umeongeza saa nzima, mstari hauna la kukuambia.

Baada ya Duplantis nikachukua simu, nikaandika: nimeona. Dada akajibu neno moja, "Yote?"

Nikafungua kundi na kusoma kuanzia juu. Kwanza vigelegele, bendera, Mama akimsifu Mungu kwa dhahabu na fedha pamoja. Kisha, ghafla, mtu anauliza kama ni kweli. Kipyegon ameenguliwa kwa kumzuia Tsegay. Hassan amepandishwa fedha, Muitaliano Nadia Battocletti shaba. Kilio kikafuata ujumbe kwa ujumbe, matusi kwa waamuzi, Mama kaacha kuandika. Chini zaidi, Kenya imekata rufaa. Chini kabisa, rufaa imekubaliwa, Kipyegon amerudishiwa fedha yake, na vigelegele upya, vikubwa kuliko vya kwanza.

Yote hayo yalikuwa yametokea nikiwa sijafika hata kwenye mlio wa kuanzia mbio. Nimeyapokea kwa mpangilio ule ule walioyapokea wao, nikaumia walipoumia, na mkono ulitetemeka kweli nilipokuwa nateremsha. Kundi la familia lilikuwa limenirekodia nusu ya pili ya fainali.

Jumanne, 6 Agosti

Mzee ninayemhudumia chumba cha mwisho aligundua jana kwamba nakwepa sebule. Leo wakati wa kumbadilishia mashuka akaniuliza sababu, nikamweleza, akacheka kwa furaha na kunisimulia ya kwake.

Tarehe 17 Novemba 1968, alikuwa kijana New York, wanaangalia futiboli ya Kimarekani, Jets na Raiders. Jets wako mbele 32 kwa 29, zimebaki sekunde 65. Ikafika saa moja jioni. NBC wakakata mechi na kuanza filamu ya watoto iitwayo Heidi. Katika sekunde hizo Raiders walifunga mara mbili wakashinda 43 kwa 32, na nusu ya nchi haikuona. Watu walipiga simu kwa wingi hata mitambo ya simu ya NBC ikazidiwa. Mzee anasema mpaka leo anaweza kusema alikuwa amekaa kiti gani. Deki za video zilipotoka alikuwa miongoni mwa wa kwanza mtaani kwake kununua Betamax, na kanda zake aliziandika tarehe kwa mkono na kuzipanga kama vitabu.

Betamax hiyo ndiyo iliyofikishwa mahakamani. Universal na Disney waliishtaki Sony wakidai kwamba kurekodi nyumbani ni wizi, na tarehe 17 Januari 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji watano kwa wanne, kwamba mtu kurekodi kipindi cha televisheni ili akiangalie baadaye ni halali. Linalonigusa ni kwamba katika ushahidi uliopelekwa mbele ya majaji walikuwemo wawakilishi wa ligi za futiboli, mpira wa kikapu, besiboli na hoki, ambao walisema hawana pingamizi. Watu wa michezo waliwatetea watu kama mzee huyu. Baadaye, mwaka 2008, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York iliruhusu kampuni ya Cablevision kuwahifadhia wateja rekodi kwenye mitambo yake, kwa hoja kwamba kila mteja ana nakala yake aliyoiagiza mwenyewe. Kwa hiyo Chebet ninayemtazama jioni anakuja kwangu kupitia mlango uliofunguliwa na kesi hizo mbili.

Nimemwahidi mzee kwamba Jumatatu nitamletea mita 5,000 kwenye tableti.

Ijumaa, 9 Agosti

Chebet tena, mita 10,000, 30:43.25, Battocletti nyuma yake kwa sehemu kumi za mia tu. Mbio zilikwenda taratibu, na mtangazaji alilalamika wee. Mimi sikuchoka. Kasi ikiwa ndogo ndipo unapoona nani anatafuta nafasi na nani anaogopa.

Jumamosi, 10 Agosti

Maratoni ya wanaume ilianza saa saba usiku kwa hapa. Nililala, nikaiangalia asubuhi.

Nilikuwa namtafuta Eliud Kipchoge, miaka 39, anayewania dhahabu ya tatu mfululizo. Kwenye vilima akaanza kubaki nyuma, na tangu hapo kamera haikuwa na habari naye. Nilirudisha, nikasogeza mbele, nikasimamisha kila walipoonyesha kundi la nyuma kutoka juu. Hayupo. Alijitoa baada ya kilomita 30. Tamirat Tola, aliyeitwa kuziba nafasi ya Sisay Lemma, akashinda kwa rekodi ya Olimpiki, 2:06:26, na Benson Kipruto akatupatia shaba. Namheshimu Tola kwa dhati. Lakini nimebaki na maumivu ya kuwa na saa mbili na zaidi za picha mkononi na nisiweze kumwona mtu wangu akitembea. Rekodi inanipa alichochagua mwelekezi wa matangazo, na hilo hakuna kitufe cha kulirekebisha.

Mchana Emmanuel Wanyonyi, mita 800, 1:41.19 dhidi ya 1:41.20 ya Marco Arop wa Kanada. Miaka 20 tu yule kijana. Nikasimamisha picha pale kwenye mstari na kuiacha kioo kizima muda mrefu. Halafu Kipyegon, dhahabu ya mita 1,500, michezo ya tatu mfululizo. Hakuna aliyemsukuma.

Jumapili, 11 Agosti

Maratoni ya wanawake nimeamua kuiangalia mubashara, saa saba usiku, simu sikioni na dada yuko Eldoret na chai ya saa tatu asubuhi. Tulitaka mara moja kuangalia pamoja.

Haikuwezekana. Picha zinazopita kwenye intaneti hukatwa vipande, hufungwa, husafiri, hukusanywa kidogo kwanza ndipo kioo kianze kuonyesha, na zangu zilikuwa nyuma ya zake kwa muda wa kutosha mtu kusema sentensi mbili. Alikuwa anashtuka, nami bado naona barabara tupu. Mwishowe, Hassan na Tigst Assefa walipogongana wakikata kona kuelekea mwisho, yeye alipiga kelele, "Wee! Amempita!" na mimi wangu bado walikuwa sambamba. Nikajua. Hassan 2:22:55, Assefa sekunde tatu nyuma, Hellen Obiri wetu wa tatu.

Nimemwambia dada kwa upendo kabisa kwamba safari ijayo tutarekodi wote wawili, tuhesabu moja, mbili, tatu, tubonyeze pamoja. Amekubali. Anasema na yeye amechoka kunyamaza.

Jumamosi, 3 Mei 2025

Miezi 9 inatimia Jumatatu kwa ile mita 5,000. Zile za mwanzoni mwa Agosti zimekwisha ondoka, Cheptegei hayupo tena kwenye orodha. Mzee alikuwa ameiona 5,000 tangu Agosti, akaiomba tena Krismasi.

Leo nimeiangalia kwa sababu ya ubishi. Dada anashikilia kwamba Kipyegon alistahili kuadhibiwa, na kwamba Mkenya angekuwa ndiye aliyesukumwa tungeandamana. Nimepita pale penye viwiko polepole, nikisimamisha na kuachia, mara nyingi kuliko nilivyowahi kufanya. Naona wanawake wawili wanaotaka nafasi moja, na kila mmoja anailipia kwa bega lake. Sioni aliyezuiwa kukimbia. Walioamua rufaa walikuwa sahihi, na nitalisema hilo hata jina likiwa la Muethiopia.

Nimemtumia kipande hicho nilichokipiga kwa simu kutoka kwenye kioo. Amejibu kwamba mkono unatikisika, haoni kitu, na kwamba hata angeona, msimamo wake ni ule ule. Kesho nitakipiga tena, simu ikiwa imeegemezwa kwenye vitabu.